Mlango Niliopimiwa

Migori, Jumapili alasiri. Mwezi wa nne, mwaka wa tatu wa Uhuru. Mvua tangu asubuhi, na moyo haujatulia.

Wewe uliyezishika kurasa hizi, uwe nani, nakuomba jambo moja kabla hujaendelea: usimwambie mtu. Usimwambie karani mkuu, usimwambie mwenye nyumba, na zaidi ya wote usimwambie mama yangu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani hawakisomi na ofisini wanakiona lugha ya sokoni, kwa hiyo sidhani kuna atakayejisumbua. Lakini huwezi kujua. Kama unaona huwezi kunyamaza, funga hapa uzirudishe ulipozitoa. Sitakulaumu.

Bado upo? Basi nitasema.

Naogopa kufa.

Najua kila mtu anaogopa. Nawaona. Radi ikipiga karibu wanashtuka, halafu wanarudi kwenye chai yao. Mimi sirudi. Nikiwa napiga taipu barua ya bwana mkubwa, mkono wa kushoto unapanda wenyewe hadi shingoni kutafuta kama mshipa bado unagonga. Maji ya kunywa nayachemsha, yakipoa nayachemsha tena. Samaki nawanusa mpaka siku moja mama mmoja sokoni akaniuliza kama nataka kuwala au kuwaoa. Nikilala, nalala chali, mkono kifuani, kama askari anayelinda ghala. Odera aliniona hivyo siku moja akasema, "Karani, ukiendelea kulala namna hiyo, iko siku watakufunika uso kwa makosa."

Odera ndiye tuliyemzika jana.

Tulikuwa makarani wawili wa ofisi moja, tukikaa chumba kimoja hapa nyuma ya duka la Mzee Hamisi. Vitanda viwili, jiko moja la mkaa, na koti moja. Koti lilikuwa la pamoja, la kijivu, zito, la kwenda kanisani na kwa wakubwa. Tulikuwa na kimo kimoja na mabega yaleyale, hata fundi alipotupima alisema amepata kazi ya mtu mmoja. Jumapili hii akivaa yeye, inayofuata navaa mimi. Leo ilikuwa zamu yangu.

Limekwenda naye. Mama yake alitaka azikwe amevaa vizuri, na hatukuwa na kingine kizuri.

Alianza kuona baridi mwanzoni mwa wiki. Akacheka, akasema ni mvua. Kesho yake akaanza kuongea na watu wasiokuwepo, tukampeleka hospitali, na kabla wiki haijaisha alikuwa ameshaondoka. Malaria iliyopanda kichwani, ndivyo daktari alivyosema. Sina la kubishana naye. Lakini nalala hatua chache kutoka kitanda chake, na mbu wa chumba hiki hawakuwahi kuuliza nani ni nani.

Nakitazama kitanda kile sasa. Wamekunja godoro. Kikombe chake cha bati kipo dirishani, kimejaa maji ya mvua yanayopenya kwenye mabati, tone moja baada ya jingine. Nashindwa kukimwaga.

Mzee Hamisi alitupa lori lake la samaki kumpeleka kwao, upande wa Homa Bay. Ni mtu wa pwani, amefanya biashara hapa miaka mingi, na bado anatushangaa. "Kwetu sisi mtu angekuwa ameshalala kaburini tangu jana," alisema akifungua kamba za turubai. "Ninyi mnamtembeza maiti kama bwana harusi. Haya, pandeni, wanangu. Mungu amrehemu. Alikuwa na deni la sukari, limekwisha, sitaki kulisikia."

Nilikaa nyuma, pembeni ya jeneza. Njia ilikuwa tope tangu Rongo, na kila lori lilipoteleza nilishika ubavu wa jeneza ili lisinigonge miguu. Kisha nilitambua kwamba namshika Odera aniokoe, naye hawezi kitu.

Sasa nitaeleza jambo ambalo mtu wa mbali huenda asilijue. Kwetu kijana akishakua hulala katika nyumba yake mwenyewe, ndogo, karibu na lango la boma la baba yake. Kwa Kijaluo huitwa simba, ingawa hakuna mnyama ndani yake. Baba yake huchimba shimo la nguzo ya kwanza, vijana husaidia, na siku hiyohiyo mwenyewe huingia akalala humo, hata kama udongo bado unanuka maji. Na mtu mzima akifa kabla hajajenga, hawezi kulazwa nyumbani mwa mama yake kama mtoto. Lazima kwanza ajengewe. Hapo hapo, haraka haraka, nyumba ya kumlaza kabla ya kaburi. Baada ya hapo huachwa ianguke yenyewe.

Odera hakuwa amejenga. Akiulizwa alikuwa akigonga sanduku lake la nguo na kusema, "Nyumba yangu hii hapa, ina kufuli na haivuji."

Kwa hiyo tulipofika, tulikuta wanajenga.

Jeneza likabaki juu ya lori, chini ya turubai, linasubiri. Wanaume walikuwa wamesimamisha nguzo, wengine wanafunga fito, wengine wanakata nyasi za kuezekea, na mvua inawanyeshea wote. Wanawake walikuwa wanalia na kumgombeza marehemu kwa wakati mmoja, kama kawaida yetu. Shangazi yake mmoja mnene alizunguka lori akilipiga kwa kiganja. "Odera! Umetusumbua, wewe! Miaka yote tunakuambia jenga, jenga, unatuonyesha sanduku! Sasa ona, babako ana mgongo mbovu na bado anakubebea nyasi!" Kisha akaangua kilio hata nikatafuta pa kuangalia.

Binamu yake, aliyekuwa fundi wa shughuli ile, akafika mahali pa mlango akasita. Akaangalia huku na huku, akaniona.

"Wewe karani mwenye tai. Si ndiwe mliyevaa naye koti moja?"

Nikasema ndiyo.

"Basi njoo usimame hapa, nipate kimo cha mlango."

Nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda. Nimezoea kuitwa na kuitika, labda ndiyo kazi inavyomfanya mtu. Nikasimama kati ya nguzo mbili, akaweka mti juu ya kichwa changu, akausogeza kidogo juu, akasema, "Hapo hapo. Inamtosha." Nikahisi mti ule umegusa nywele zangu.

Shangazi ndiye aliyeona. Alipiga ukelele ambao ulinyamazisha hata waliokuwa wanalia. "Mnampima aliye hai! Mnampima mtu mzima kwa mlango wa maiti! Mtoeni hapo! Wewe mpumbavu, macho umeyauza?" Akanishika mkono wa shati akanivuta nje mpaka kifungo kikatoka, halafu akamzaba kofi yule fundi, mtu mwenye ndevu zake.

Kisha mzee mmoja aliyekuwa anakata fito akasema bila kuinua kichwa, "Basi mngemwacha aingie kabisa, tusijenge mara mbili."

Wakacheka. Nasema kweli, walicheka, hata mimi mdomo wangu ulifanya kama unacheka. Kisha nilikwenda nikajificha upande wa pili wa lori nikatapika uji wa asubuhi.

Huko ndiko mdogo wangu alikonikuta.

Anaitwa Ouma. Kwetu si mbali na kwa kina Odera, kwa hiyo alikuja msibani pamoja na mama. Ana mikono mikubwa ya mtu wa nyavu, na huwa hasemi mengi. Alinipa maji nisukutue mdomo. Akasubiri.

"Omera," akasema, neno ambalo tunaitana ndugu. "Umesimama mlangoni kwa Odera. Mlangoni kwako utasimama lini?"

Hapa ndipo lilipo shauri lote, na ndilo linaloninyima pumzi.

Mimi sijajenga. Nina kazi ya serikali, nina tai mbili, nimesoma hadi walimu wakachoka nami, na sina nyumba bomani kwa baba. Kila likizo nimepata sababu. Mvua nyingi. Mvua hakuna. Nyasi zimeungua. Nitajenga ya mabati nikipanda cheo. Na kwetu nyumba hujengwa kwa kufuata kuzaliwa: mdogo hawezi kujenga kabla ya mkubwa wake. Akijenga, amemruka. Na aliyemruka mkubwa wake, wazee wanasema, atapatwa na chira, atakonda polepole hata afe, na mara nyingine wanawe pia.

Ouma ana msichana. Akelo. Nimemwona mara mbili, anacheka kwa sauti kubwa na anamkubali Ouma kwa moyo wake wote. Watu wa Akelo wamengoja. Sasa kuna mfanyabiashara wa samaki wa kisiwa cha Mfangano amewatuma wazee, mtu mwenye mashua yake na nyumba yake. Baba yake Akelo amesema hatangoja tena kijana anayelala jikoni kwa mama yake.

"Jumamosi ijayo najenga," Ouma alisema. "Nimeshakata miti. Miti ni ya nyumba mbili. Ukija, baba ataanza na yako alfajiri, tutamaliza adhuhuri, halafu yangu. Usipokuja, nitakuruka."

"Unajua wanachosema kuhusu hilo."

"Najua."

"Na huogopi?"

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Naogopa, omera. Unadhani wewe peke yako ndiye uliyepewa woga?"

Akaondoka akaenda kubeba nyasi.

Sasa nikiri lile ambalo sijamwambia mtu, hata Odera. Kwa nini sijengi. Tulikuwa ndugu watatu. Mkubwa wetu alikuwa Owuor. Alikwenda kufanya kazi migodini, akarudi, akajenga nyumba yake kulia mwa lango, na mwaka uleule akafa. Nyasi za paa zilikuwa bado hazijageuka rangi. Mimi nilikuwa mvulana, nililala humo naye sakafuni kama wadogo wanavyolala kwa kaka zao, na niliamka asubuhi moja nikakuta watu wamejaa mlangoni. Wakamzika pembeni ya nyumba ileile, hatua mbili kutoka ukutani.

Tangu siku hiyo mimi najua jambo moja ambalo shule haikuweza kulifuta. Mtu akijenga nyumba yake bomani, anakuwa ameonyesha mahali pa kaburi lake. Kifo kilikuwa kinamtafuta na sasa kina anwani. Asiyejenga hana mahali. Kwa mtu huyo, kifo kitapita langoni, kiangalie kushoto, kiangalie kulia, kiendelee na safari.

Nikiyaandika naona ni maneno ya mtoto. Yalikuwa ya mtoto, kwa sababu mtoto ndiye aliyeyatunga, na mimi nimeyabeba hadi ofisini. Mchana nikiulizwa chanzo cha malaria nitakuambia habari za mbu kwa mpangilio mzuri. Nikiulizwa habari za ufufuo, najua majibu yote ya katekisimu, ningepata alama zote. Lakini tumbo langu halikusoma shule hiyo.

Sasa angalia jinsi nilivyobanwa. Nikienda Jumamosi, naingia ndani ya kile ninachokikimbia tangu utotoni, na nitalala humo peke yangu, udongo mbichi pande zote. Nisipoenda, ama Ouma anampoteza Akelo, ama ananiruka, na kila atakapokohoa maisha yake yote, mama atanitazama mimi. Nikikimbia mbali, Kisumu, Nairobi, hata ng'ambo, hakuna ninachopata. Jana nimeona mwisho wake. Watanirudisha kwa lori. Watanisubirisha nje mvuani. Watatafuta mtu wa kimo changu asimame mlangoni.

Hilo ndilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Nyumba itajengwa tu.

Mama alinikuta baadaye, jeneza likiwa limeshaingizwa. Alikaa juu ya jiwe karibu na gurudumu la lori, akavua viatu vyake vilivyojaa tope akavigonga. Alikuwa amechoka kulia.

"Ouma amekuambia," akasema.

"Ameniambia."

"Utakuja?"

Sikuwa nimepanga kusema. Labda ni kutapika kule kulikonilegeza. Nikasema, "Mama, nyumba ile ndiyo iliyomuua Owuor."

Akaacha kugonga kiatu. Alinitazama kama nimesema Kiingereza.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Hakuna mtu. Niliona. Alijenga, akafa."

"Nyathina," akasema. Mwanangu. Hajaniita hivyo tangu nianze kuvaa tai. "Owuor alirudi kutoka migodini kifua kimeshakwisha. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unaona zawadi tu. Alikuwa anatema damu kwenye majani ya mgomba na kuyafukia ili nisione, na mimi nikawa nayafukua. Baba yako alimwambia pumzika, usijichoshe na kujenga. Yeye ndiye aliyekataa. Akasema, 'Baba, njoo unichimbie shimo la nguzo. Sitaki kuja kujengewa nimelala. Nataka kuingia kwa miguu yangu.'"

Akakigonga tena kiatu.

"Akaingia kwa miguu yake," mama akasema. "Akakaa humo toka kupanda hadi kuvuna na zaidi. Hukumbuki? Wewe si ndiwe uliyekuwa hutoki humo?"

Akavaa viatu akarudi kwa wenzake. Nami nikabaki pale na lori.

Nimekuwa nakumbuka tangu jana. Njia nzima ya kurudi asubuhi ya leo, dereva akiongea peke yake, mimi nilikuwa kule. Kwa miaka yote hii katika nyumba ya Owuor nimekuwa na asubuhi moja tu, ile ya watu mlangoni. Sasa zinatoka nyingine, kama nguo kutoka sanduku lililofungwa. Alikuwa ametundika vikapu vya kwale juu ya mti mrefu mbele ya mlango, na kwale waliofungwa humo waliita wenzao alfajiri hadi hakuna aliyeweza kulala, baba akija kugombana naye, Owuor anacheka, akicheka anakohoa, akikohoa anacheka. Alikuwa na kioo kidogo ukutani, cha kujichana nywele, na wasichana wa jirani walisingizia kuja kujitazama. Aliniwekea sheria ya kunawa miguu kabla ya kuingia. "Hii ni nyumba ya mtu," alikuwa akisema, "si zizi." Nilikuwa nanawa. Nilikuwa na fahari ya kunawa miguu mlangoni kwa kaka yangu.

Alikuwa anajua wakati wote huo. Na alikuwa anachoma kwale.

Nataka sana kuandika kwamba hofu imekwisha. Ingekuwa vizuri kumalizia hapo. Lakini nimeahidi kurasa hizi ukweli, na ukweli ni kwamba tangu nianze kuandika nimepima mshipa wa shingo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali. Mvua ikizidi juu ya mabati nasikia kama mchanga unamwagwa. Mlango wa chumba hiki umevimba kwa unyevu, haufunguki vizuri, na kila nikiuvuta mara ya kwanza ukagoma, jasho linanitoka. Nadhani nitaogopa mpaka siku yenyewe. Nadhani Owuor naye aliogopa. Sasa najua tu kwamba woga wangu haujawahi kumzuia mtu yeyote kufa. Haukumzuia Odera, ambaye nilimwogopea pia, nikimchemshia maji mara mbili naye akinicheka. Umezuia nyumba mbili tu. Yangu na ya Ouma.

Saa hizi nimesikia Mzee Hamisi akipita uani na mwavuli wake. Alisimama dirishani. "Karani, kitanda kile nimpe mtu mwingine, au unataka nikiache kwanza?"

Nikasema akiache kwanza.

"Na chakula umekula?"

Nikasema bado.

"Kula, mwanangu. Mtu haendi msibani akarudi akakaa na njaa. Ijumaa jioni lori linakwenda tena kule kuchukua samaki. Kama una lolote la kutuma kwenu, sema."

Nilikaa na kalamu mkononi. Niliona wazi kabisa mlango mwingine wa kutorokea: ningeweza kusema natuma misumari, natuma salamu, natuma mtu. Ouma angepokea misumari.

Nikasema, "Natuma mimi mwenyewe. Niwekee nafasi."

"Mbele au nyuma?"

"Mbele," nikasema. Nyuma nimeshakaa.

Kesho asubuhi nitamwomba karani mkuu ruhusa ya Jumamosi. Atanung'unika, kwa sababu nimetoka kupewa ya mazishi. Atauliza ni mazishi ya nani tena. Nitamwambia safari hii ni kujenga. Nimefanya mazoezi ya sentensi hiyo hapa chumbani kwa sauti, na sauti ilitetemeka, lakini ilitoka.

Kikombe cha Odera nimekimwaga sasa hivi nje ya dirisha. Kimeanza kujaa tena nikiwa naandika mstari huu. Sawa. Nitakwenda nacho. Nyumba mpya huhitaji kikombe.

Na wewe, msomaji nisiyemjua. Kama umesoma mpaka hapa bila kucheka, huenda ugonjwa huu unaujua. Huenda nawe una mkono unaopanda shingoni wenyewe. Kama ni hivyo, ningependa tuonane, kwa sababu sijawahi kukutana na mwenzangu uso kwa uso, na Ouma ameniambia si mimi peke yangu niliyepewa. Tangu nianze kazi nimewapa watu anwani ya ofisi tu, barua zipitie kwa karani mkuu. Baada ya Jumamosi usiandike huko.

Njoo Homa Bay. Ukifika gatini, usipande kwenda sokoni. Shika njia ya ukingo wa ziwa kuelekea Sindo, utembee mpaka uache kusikia mashine ya kusaga. Utapita kanisa la bati lisilo na mlango. Mbele yake kidogo kuna uzio wa minyaa wenye lango la miti miwili, na mbwa mwekundu anayebweka lakini haumi. Mwite kwa mluzi.

Ukiingia langoni, kulia kwako utaona kichuguu cha udongo wa zamani kilichoota nyasi. Hapo palikuwa nyumba ya kaka yangu mkubwa, naye mwenyewe yupo pembeni yake. Msalimie ukitaka. Kisha geuka kushoto. Zitakuwepo nyumba mbili mpya, na katika ile ya mbali pengine utasikia mwanamke anacheka kwa sauti kubwa.

Yangu ni ile ya karibu. Kutakuwa na maji nje kwenye sufuria. Tafadhali nawa miguu. Piga hodi, nami nitakuja mwenyewe kukufungulia. Usihofu kugonga kichwa. Mlango ule nitawaambia waupime kwa kimo changu, nikiwa nimesimama.